Korona na Maji ya Rusizi: Maoni ya Paris, Nairobi na Bujumbura

Katikati ya Aprili 2020, shirika la Ipsos liliwauliza watu wa nchi 14 kama, kwa muda mrefu ujao, mabadiliko ya tabianchi ni janga zito sawa na korona. Watu 71 kati ya 100 waliitikia kwamba ndivyo. Uchina walioitikia hivyo walikuwa 87, Marekani 59. Kati ya nchi hizo 14 haikuwamo hata moja ya Afrika. Wiki hiyohiyo mto Mulongwe ulivunja kingo zake Uvira, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwezi huohuo, ng'ambo ya mpaka, mto Rusizi ulifurika Gatumba, nje kidogo ya Bujumbura, na makumi ya maelfu wakakosa pa kulala. Mpaka kati ya miji hii miwili, ambayo siku zote hununuliana samaki, mafuta na vitenge, ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona.

Ulaya iliyatazama majanga haya mawili kama mizigo ya kupimwa kwenye mizani. Wengine walisema ugonjwa umefungua njia: viwanda vimetulia, ndege zimetua, na hewa ya ukaa inayotolewa duniani mwaka 2020 imepungua kwa takriban asilimia 5. Wengine waliogopa kwamba fedha zote zingekwenda kuokoa ajira, na mkutano wa tabianchi wa Glasgow ulikuwa umekwishaahirishwa mwaka mzima hadi Novemba 2021. Hoja zote mbili zilikuwa za haki. Ufaransa ilikuwa na jukwaa la kuzisikiliza: raia 150 waliochaguliwa kwa kura ya bahati, waliokuwa wakijadili tabianchi tangu Oktoba 2019. Watu walipofungiwa majumbani, raia hao waliendelea kukutana kwa video, na Aprili wakaipelekea serikali mapendekezo 50 ya kujenga uchumi baada ya ugonjwa. Walipomaliza kazi mwezi Juni, mapendekezo yao yalikuwa 149.

Nairobi nayo ilikuwa na ushahidi wa macho. Kutoka katikati ya jiji Mlima Kenya ulionekana, picha zikasambaa, na mabishano yakazuka: wapo walioapa kwamba picha ni ya kughushi, na wapo waliosema kwamba mlima haukwenda popote, ni moshi wa magari tu uliokuwa umeuziba. Hapo hata mtu asiyejua lolote kuhusu gesi alipata cha kusema juu ya hewa anayovuta.

Bujumbura haikupata somo hilo la anga. Burundi haikufungia watu wake ndani, sawa na Tanzania. Soko liliendelea, mikutano ya kampeni iliendelea, na uchaguzi ulifanyika tarehe 20 Mei, siku chache baada ya serikali kuwafukuza maafisa wa Shirika la Afya Duniani. Rais Nkurunziza alifariki tarehe 8 Juni. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, aliitangaza korona kuwa adui mkubwa wa nchi, upimaji wa umma ukaanza Julai, na bei ya kipande cha sabuni ikapunguzwa kwa nusu. Kwa mkazi wa Paris janga lilikuwa kimya cha barabarani. Kwa mkazi wa Gatumba lilikuwa amri ya kunawa mikono na kutosongamana, ikimfikia ndani ya hema lililojaa familia. Kumuuliza mtu huyo kama ugonjwa utasaidia au utachelewesha hatua za tabianchi ni kumtenganishia mambo ambayo kwake yaliingia kwa mlango mmoja.

Hii haimaanishi kwamba Burundi haina utamaduni wa kutafuta rai ya watu. Kwa karne nyingi kila mlima ulikuwa na abashingantahe, watu wazima walioaminiwa na jirani zao, wakasimikwa hadharani na kukabidhiwa fimbo ya hukumu. Baraza lile la raia wa Ufaransa lilichaguliwa kwa bahati ili asiwepo anayestahili kuliko mwingine; abashingantahe huchaguliwa kwa sababu wamethibitika kustahili. La kwanza lina nguvu ya usawa: dereva na daktari wana sauti moja. La pili lina nguvu ya ukaribu: msemaji anamjua mwenye shamba na anajua mto umehama wapi. Kila moja lina upungufu wake pia. Pendekezo la raia 150 laweza kupunguzwa makali likifika bungeni, na fimbo ya busara ilikuwa kwa muda mrefu mikononi mwa wanaume peke yao. Kura ya maoni nayo inahesabu kila mtu sawa, lakini swali huja limekwisha kuandikwa.

Swali likiandikwa karibu na maisha ya watu, majibu huwa wazi. Utafiti wa Afrobarometer wa miaka ya 2016 hadi 2018 uliuliza kuhusu hali ya hewa na kilimo, na Uganda watu 85 kati ya 100 walisema hali imekuwa mbaya zaidi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya nyuzi joto. Burundi haikuwamo katika awamu hiyo.

Ufuo huu wa Tanganyika uliwahi kuona maradhi na mazingira yakishughulikiwa kama jambo moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoenea, Wajerumani walifyeka vichaka karibu na Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ili mbung'o wakose kivuli. Kwenye Ziwa Victoria, Waingereza waliwahamisha watu wa visiwa vya Ssese. Madaktari wa kikoloni walifahamu vizuri kwamba ugonjwa una makazi yake katika nchi kavu na maji. Rai ya wavuvi waliohamishwa haikuwa sehemu ya mpango. Mwaka 2020 ilikuwa kinyume: maoni yalitafutwa kwa bidii, lakini ugonjwa na mazingira viliwekwa kwenye safu mbili tofauti za dodoso.

Mjadala wenye uzito hapa Bujumbura ni wa sababu ya maji ya ziwa lenyewe kupanda. Wapo wanaokumbusha kwamba mwaka 1964 maji yalipanda vilevile, hivyo ni mzunguko wa kawaida. Wapo wanaotaja mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, zilizotokana na Bahari ya Hindi kupata joto upande wetu. Wengine hutazama mto Lukuga huko Kalemie, njia pekee ya maji kutoka ziwani, na matope yanayouziba. Na wapo wanaonyoosha kidole kwa majumba yaliyojengwa ndani ya mita 150 za ufuo, ambako sheria ya maji ya 2012 inakataza. Kila rai ina ukweli wake, na kila moja inadai hatua tofauti: kuzibua mto, kubomoa nyumba, kupanda miti milimani, au kudai fidia kwa nchi zenye viwanda. Haya ndiyo maoni ya umma kuhusu tabianchi, kamili na yenye hoja, ingawa hayajawekwa kwenye jedwali.

Aprili 2024 ziwa lilipanda tena, bandari ya Bujumbura ikaingia maji, na serikali pamoja na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada. Wanaoandaa kura za maoni wana kazi ya kufanya Gatumba, Uvira na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Waanze kwa kuuliza maji yalifika wapi na nani alikuja kusaidia. Swali la korona lije baada ya hapo.