Kung'atuka Si Kujiuzulu

Kiswahili cha siasa kina maneno matatu ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni neno moja: kujiuzulu, kustaafu na kung'atuka. Si neno moja, na anayeyachanganya hupoteza kipimo muhimu cha kuwapimia viongozi.

Kujiuzulu kuna asili ya Kiarabu. Kumwuzulu mtu ni kumwondoa katika cheo. Anayejiuzulu, basi, amejitolea hukumu ambayo angeweza kutolewa na mwingine. Ndani ya neno hilo mna dosari, iwe ya mhusika au ya walio chini yake. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kutokana na mateso na vifo vya watuhumiwa mkoani Shinyanga, ingawa si mkono wake uliotesa. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 katika sakata la Richmond. Kustaafu nako ni neno la utumishi: umri umefika, sheria imesema, mafao yanasubiriwa. Hakuna cha kusifu wala kulaumu.

Kung'atuka ni jambo jingine. Mwalimu Nyerere alilichota neno hili katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, akaliingiza katika Kiswahili cha taifa alipokuwa akijiandaa kuacha urais. Wazanaki, kama jamii nyingine za Mara, walikuwa na mfumo wa marika: rika lililoshika uongozi lilifika zamu yake likaliachia rika linalofuata. Aliyeachia hakuwa amekosa, wala hakuwa amefukuzwa. Alibaki mzee mwenye heshima, ila kauli ya mwisho haikuwa yake tena.

Sikio la Mswahili nalo lilipata lake. Tunasema funga na funguka, kunja na kunjuka. Kwa hiyo ng'ata na ng'atuka vinasikika kama meno yanayoachia kile yalichokiuma. Sidai kwamba hiyo ndiyo etimolojia ya Kizanaki. Nasema tu kwamba mzungumzaji wa Kiswahili hakuhitaji kufafanuliwa sana.

Mwalimu aliondoka Ikulu tarehe 5 Novemba 1985, baada ya miaka 23 ya urais. Ukomo wa vipindi viwili ulikuwa umeingizwa katika Katiba mwaka uliotangulia, na haukuwa umemfunga yeye. Hapo ndipo uzito wa neno ulipo: kung'atuka ni kuachia kile ambacho bado ungeweza kukishika, na kumwachia mtu anayejulikana, kwa utaratibu unaojulikana. Kwa kipimo hicho, Mwinyi mwaka 1995, Mkapa mwaka 2005 na Kikwete mwaka 2015 hawakung'atuka urais. Walimaliza muda wao, jambo jema kabisa lenye jina lake.

Lakini kipimo hicho kinamgusa Mwalimu mwenyewe. Katika mfumo wa chama kimoja, Chama ndicho kilichoshika hatamu, na yeye alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Mwinyi aliongoza Serikali kwa miaka mitano huku mkuu wa chombo kilichokuwa juu ya Serikali akiwa mtangulizi wake, tena katika kipindi kigumu cha masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa na mageuzi ya uchumi. Wapo wanaosema kipindi hicho kilihitaji mlezi. Huenda. Ila rika linaloachia ngao na kubaki na mkuki halijaachia, na kwa maoni yangu kung'atuka kwa 1985 kulikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuja Agosti 1990, Mwinyi alipokabidhiwa uenyekiti.

Leo tunasikia kwamba rais fulani "amelazimishwa kung'atuka", au kwamba wanajeshi "wamemng'atua". Waandamanaji nao hupaza sauti: "Ang'atuke!" Madai yao yanaweza kuwa ya haki kabisa, lakini wanachodai ni ajiuzulu, au auzuliwe. Aliyezingirwa na vifaru hana tena cha kuachia.