Taa za tahadhari zinazowaka gari linapokata kona: maana yake na hatua za kuchukua

Taa ya dashibodi inayowaka gari linapokata kona, kisha ikazimika barabara inaponyooka, huwahadaa madereva wengi. Kwa kuwa haidumu, hudhaniwa ni waya uliolegea tu. Katika barabara za milimani, kama ile ipandayo kutoka Bujumbura hadi Bugarama, dhana hiyo yaweza kugharimu injini, na hata maisha ya abiria.

Gari linapopinda, vimiminika vyote huegemea upande wa nje wa kona, uzito hulemea magurudumu ya upande huo, na usukani huvuta nyaya na kuongeza mzigo. Kila taa ya namna hii hutokana na mojawapo ya mambo hayo.

Taa nyekundu ya oili ndiyo ya kuogopwa zaidi. Oili ikipungua, hukimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu hunyonya hewa. Kwa muda huo mfupi vyuma vya injini husuguana bila kilainishi. Dereva asimame mahali salama na tambarare, azime injini, angoje dakika chache, kisha apime kwa kijiti. Ikiwa oili inatosha na taa bado inawaka, gari lisiendeshwe hadi fundi apime shinikizo kwa geji.

Taa nyekundu ya breki huongozwa, katika magari mengi, na boya lililomo katika kopo la mafuta ya breki. Kwanza ihakikishwe kwamba breki ya mkono imeshushwa kabisa. Mafuta yakiwa yamepungua, ama yanavuja, ama pedi zimelika. Kuongeza mafuta bila kukagua magurudumu ni kuficha ugonjwa, si kuutibu.

Taa ya manjano ya ABS huashiria mara nyingi beringi ya gurudumu iliyolegea, au waya wa kihisi unaovutwa usukani unapogeuzwa. Breki za kawaida huendelea kufanya kazi, lakini magurudumu yaweza kujifunga na gari kuteleza penye utelezi.

Taa ya betri ikiwaka pamoja na mlio mkali, huenda mkanda umelegea. Katika magari yenye usukani wa pampu, mara nyingi mkanda mmoja huzungusha pampu hiyo na alteneta, na pengine pampu ya maji. Ukikatika, injini yaweza kuchemka.

Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka usukani unapogeuzwa, mara nyingi utepe wa umeme uliojikunja ndani ya usukani umekatika. Ajali ikitokea, mfuko wa dereva huenda usifumuke. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye ujuzi, kwani mfuko waweza kulipuka ukifunguliwa ovyo.

Upande wa kona nao ni ushahidi. Rwanda na Burundi hutumia upande wa kulia wa barabara, hivyo kwenye mizunguko gari hupinda kushoto na oili huegemea kulia. Uganda, Kenya na Tanzania, zinazotumia upande wa kushoto, mambo huwa kinyume. Taa iliyokuwa ikiwaka kwenye mizunguko ya Kampala yaweza kunyamaza mjini Kigali, ingawa kasoro ni ile ile. Kuvuka mpaka hakulitengenezi gari.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda gereji, dereva aandike rangi ya taa, upande wa kona, mwendo wa gari, na kama alikuwa amekanyaga breki. Fundi akikosa maelezo hayo, atabaki kubahatisha na kubadilisha vipuri visivyo na kosa. Na kanuni isahaulike kamwe: taa nyekundu humtaka dereva asimame mara moja panapokuwa salama, ya manjano humtaka apunguze mwendo na kutafuta fundi mapema.