Nani Anatengamaa, Nani Anafadhili

Tangazo la masomo likisema "uzamivu wenye ufadhili katika sayansi ya mijongeo ya mwili na utengamao", limebeba istilahi nne kwa pumzi moja. Uzamivu haunipi shida. Umetokana na kuzama, Wakenya wengi huuandika uzamifu, na unaeleweka: ni shahada ya juu kabisa, ambapo mtu huzama katika swali moja kwa miaka mitatu, minne au zaidi, kisha aibuke na jambo ambalo halikuwa likijulikana. Mjongeo nao ni kujongea kwa kiungo chochote, kuanzia hatua ya mguu hadi kidole kinachofunga kifungo cha shati. Wapo wanaopendelea kusema mwendo, lakini mwendo ni wa mtu anayekwenda. Mkono unaopeleka tonge kinywani unajongea, hauendi.

Utengamao ndio unaostahili kukaliwa kitako. Kabla haujaenea, wafasiri waliegemea ukarabati na urekebishaji. Ukarabati unafaa nyumba na barabara: fundi anakuja, anaziba nyufa, anapaka rangi, na nyumba imetulia tu ikisubiri kazi iishe. Urekebishaji, hasa Kenya, umeshikamana na magereza na vituo vya waraibu wa dawa za kulevya. Mwambie mama aliyevunjika nyonga kwamba anapelekwa kurekebishwa, atajiuliza amekosa nini. Katika huduma za afya Tanzania limeshika neno utengamao, kutokana na kutengamaa, yaani kukaa sawa baada ya misukosuko. Hali ya mgonjwa hutengamaa. Nchi iliyotoka vitani hutengamaa. Baadhi huandika utengemao, na wana haki yao. Tahadhari iwe kwa utangamano, ambao umetokana na kutangamana na ndio unaotajwa katika mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Herufi zinakaribiana, maana ziko mbali.

Ubora wa neno hili uko kwenye sarufi yake. Nyumba hukarabatiwa, mgonjwa hutengamaa. Kitenzi cha kwanza kinadai mtu wa nje afanye kazi, cha pili kinamweka mgonjwa mwenyewe kwenye kiima. Na ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Mtazame mtu aliyepata kiharusi akijifunza upya kunyanyuka kwenye kiti. Nyayo zirudishwe nyuma kidogo ya magoti. Kiwiliwili kiiname mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio yanapoinuka, maana uzito umeshahamia miguuni. Mtaalamu wa fiziotherapia anasimama upande ulio dhaifu, mkono wake karibu na goti lisije likakunjika ghafla, lakini hamvuti. Akimvuta, atakuwa amesimama yeye kwa niaba ya mgonjwa, na ubongo wa mgonjwa hautajifunza kitu.

Shirika la Afya Duniani nalo, linapoeleza utengamao, linazungumzia kumwezesha mtu mwenye tatizo la kiafya kufanya shughuli zake kwa kadiri ya juu inayowezekana, ndani ya mazingira yake. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu wapatao bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo utengamao ungezisaidia. Neno mazingira lisipitwe haraka. Dodoso lililotungwa Ulaya humuuliza mgonjwa kama anaweza kupanda ngazi za nyumbani. Wengi wetu tungepaswa kuulizwa kama tunaweza kuchuchumaa chooni, kuinuka mkekani baada ya sala, au kuruka kutoka kwenye daladala ambayo haijasimama sawasawa. Kutunga na kupima maswali hayo kwa Kiswahili ni kazi ya uzamivu kabisa, na inawangoja wenye lugha.

Kwamba mijongeo ya watu wetu inaweza kubadilisha sayansi, ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya, na wenzake kuhusu wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wanaobeba mizigo. Wajaluo walibeba kichwani, Wakikuyu kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu, ilhali kwa watu wasiozoea, nguvu hupanda kila mzigo unapoongezwa. Mwaka 1995 Heglund na wenzake walitoa maelezo: mtu akitembea, mwili hupanda na kushuka kama pendulamu iliyogeuzwa, na wanawake hawa, wakiwa na mzigo, walizidi kuwa hodari wa kugeuza ule mwinuko kuwa kasi badala ya kuupoteza. Baadaye, mwaka 2010, utafiti kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini haukuthibitisha nafuu hiyo. Swali bado liko wazi, na shingo na migongo ya wabebaji hao ni jambo la utengamao hasa.

Sasa ufadhili. Neno hili limetoka kwenye fadhili na fadhila, na hapo ndipo linapotupotosha, kwa sababu limemweka mtoaji kwenye kiima na kumficha mwanafunzi nyuma yake. Mwenye kutendewa fadhila hushukuru na kunyamaza. Haulizi mkataba unasemaje. Lakini tazama mambo yalivyo. Nchini Sweden mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo, ana mshahara na anakatwa kodi. Marekani, vyuo vingi humsamehe ada na kumpa posho kwa sababu anafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza au anafanya kazi katika maabara ya profesa wake. Anayetumia siku nzima kubandika vihisio kwenye magoti ya watu na kuchambua takwimu za hatua zao anafanya kazi, na malipo yake ni haki.

Ufadhili umeshakomaa midomoni mwetu na sioni sababu ya kuutupa. Ila neno "kamili" likiambatana nao, lidaiwe maana yake: ada yote, posho ya kujikimu kwa miaka yote ya masomo, bima ya afya, na fedha za utafiti wenyewe, ikiwemo nauli ya washiriki wanaokuja kupimwa. Kikikosekana kimoja, huo ni ufadhili wa sehemu, na uitwe hivyo. Wewe unayeandaa maombi yako mwaka huu, uliza hayo manne kwa maandishi kabla ya kutia saini.