Fremu ya trela kwanza, kijumba baadaye: mwongozo kwa mwenye mfuko mdogo

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri nje ya msikiti baada ya swala ya alasiri, simu mkononi. Alitaka nione picha ya trela kuukuu inayouzwa Mtwapa. "Ami, nikiichukua hii nijenge kile kijumba juu yake, nitakuwa nimekosea?"

Kijumba alichokusudia ni kile cha kulala watu wawili, kina jiko nyuma, kinavutwa na gari dogo. Anataka kukikodisha kwa wageni wanaokwenda Watamu na Tsavo Mashariki. Pesa ni zake na za mamake anayeuza mahamri, wameziweka kwenye chama miaka mitatu. Trela ikiwa mbovu, hawana nyingine. Nilimwambia asitoe hata shilingi ya arubuni mpaka tukae chini. Tangu siku ile wameniuliza watu wengine wawili, ndipo nikaona niyaandike hapa.

Kijumba chenyewe ni nini

Wamarekani walianza kuunda vijumba hivi majumbani mwao katika miaka ya 1930, na vikaenea zaidi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ubavuni vina umbo la tone la maji: mbele mviringo, nyuma vinateremka. Upana ni futi 4 na urefu futi 8, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha ubao mmoja wa plaiwudi. Ndiyo maana anayetaka kujenga kwa bei nafuu hutafuta trela ya mizigo ya futi 4 kwa 8, aondoe mbao za kando, ajenge juu ya fremu.

Anza na mizani, si na bei

Kosa la kwanza ni kuuliza "bei gani?" kabla ya kuuliza "itabeba kilo ngapi?" Chukua karatasi uandike. Hesabu ya kijana wetu ilikuwa hivi: fremu na magurudumu kilo 150, plaiwudi, mbao na milango kilo 150, godoro na kitanda 20, maji lita 40, ambayo ni kilo 40, betri ya sola 28, mtungi wa gesi na jiko 20, vyombo, chakula na nguo 60. Jumla ni kilo 468.

Kwa uzito huo usinunue fremu ya kilo 500. Barabara zetu zina matuta na mashimo, na kila shimo huongeza mzigo kwa nukta moja. Tafuta fremu ambayo uzito wake wa juu kabisa, pamoja na fremu yenyewe, ni kilo 750. Ukiwa mnunuzi wa trela ya kiwandani, soma kibati kilichopigwa kwenye ulimi wake. Kama kibati kinataja mzigo peke yake, ongeza uzito wa fremu ujue jumla.

Kisha geukia gari. Nchini Uingereza trela isiyo na breki zake haitakiwi kuzidi kilo 750, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta. Hata ukiwa Kisauni, hicho ni kipimo kizuri cha kujilinda. Gari la kilo 1,000 lisivute zaidi ya kilo 500. Na kama gari lako lina giaboksi ya otomatiki ya mkanda, ile ya CVT, soma kitabu chake kwanza. Nyingi hazikuundwa kuvuta, na huchemka kwenye mlima kama ule wa Mazeras.

Njia nne za kuipata

Ya kwanza ni trela mpya ya mizigo kutoka karakana inayoziunda kwa wingi. Bei ni ya juu, lakini unapata karatasi na mtu wa kumrudia.

Ya pili ni trela iliyotumika. Hii ndiyo nafuu kuliko zote ikiwa ni nzima, na ndiyo ghali kuliko zote ikiwa imeoza.

Ya tatu ni kuchongewa na fundi wa jua kali. Ni njia njema, mradi umpelekee mchoro wenye vipimo na usimwachie akisie. Msimamie siku ya kuchomelea ekseli.

Ya nne ni ile ya vipande vya kufunga kwa bolti, inayoagizwa nje. Marekani ndiyo inayopendwa na waundaji wengi kwa sababu ni rahisi. Huku kwetu, ukijumlisha usafiri na ushuru, urahisi huo huyeyuka. Tena bolti zake hulegea barabarani. Anayeitumia lazima aweke nati za kujifunga na azikaze upya baada ya safari ya kwanza.

Chuma na chumvi

Hapa ndipo mwongozo wa bara unapotofautiana na wa kwetu. Hewa ya Pwani ina chumvi, na chumvi haina haraka wala huruma.

Mafundi wengi hupenda bomba la mraba kwa sababu ni jepesi na linapendeza. Shida yake ni kwamba huoza kutoka ndani. Nje rangi inang'aa, ndani kuna maji yaliyoingia kwenye tundu la bolti na hayana pa kutokea. Ukitumia bomba, miisho yote izibwe kwa kuchomelewa, au itobolewe chini maji yatoke. Usiiache katikati ya hayo mawili.

Kwa mfuko mdogo mimi napendelea chuma cha pembe au cha umbo la U. Pande zake zote unaziona na unaweza kuzipaka rangi. Kutu ikianza, unaiona mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Chuma kilichochovywa zinki ndicho bora kabisa, lakini usikichomelee hivi hivi. Moshi wa zinki huleta homa na kifua kubana. Fundi aikwangue zinki mahali pa kuchomelea, afanye kazi penye upepo, kisha apake rangi ya zinki palipobaki uchi. Bora zaidi, funga kijumba kwa bolti. Na kati ya plaiwudi na chuma weka ukanda wa mpira, maana ubao unaolala juu ya chuma chenye unyevu huoza chini kimya kimya.

Ekseli, springi na tairi

Mafundi wetu hutumia ekseli ya nyuma ya gari lililokatwa. Si vibaya, ila chukua ya gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele; ya gari lenye difu nyuma ni nzito bure. Pima umbali kati ya tairi mbili kwa mbele, kisha kwa nyuma. Vipimo vikitofautiana sana, ekseli imepinda na italiwa tairi kila mwezi.

Springi za majani ndizo zinazofaa barabara zetu. Ziko springi za mpira ndani ya bomba, tulivu na hazihitaji grisi, lakini zikifa Mariakani saa moja ya usiku hutapata za kubadilisha. Ya majani fundi yeyote anaijua. Angalia tu isiwe ngumu kupita kiasi. Springi ya kilo 1,000 chini ya kijumba cha kilo 450 haitapinda. Mtikisiko wote utapanda kwenye mbao, na viungo vitaachana kabla ya mwaka.

Trela nyingi za bei ya chini huja na tairi ndogo za inchi 8 au 12. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na beringi hupata moto. Weka inchi 13 au 14, kama za Probox. Matundu ya rimu yakilingana na ya gari lako, spea moja inatosha vyombo viwili.

Kuhusu kifundo cha chuma kinachofungwa nyuma ya gari: viko vya milimita 50, na viko vya Kimarekani vya inchi 1⅞ na inchi 2. Kipimo cha gari na cha trela viwe kimoja. Usikubali neno "itaingia tu." Na minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya ulimi.

Uzito wa ulimi

Hili nililijua kwa kuponea chupuchupu. Tulikuwa na trela ndogo ya kubebea masufuria ya pilau ya harusi. Siku moja tukienda Malindi tulipanga masufuria makubwa na kuni nyuma, sahani mbele. Tulipopita Vipingo, kwenye mteremko mdogo, trela ikaanza kucheza kushoto na kulia, kila mara zaidi. Mbele yetu lilikuwa linakuja basi. Dereva akaachia mafuta bila kukanyaga breki, ikatulia. Alhamdulillahi. Trela haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu, tulioweka uzito nyuma ya ekseli.

Kanuni ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ukae kwenye ulimi. Kwa kijumba cha kilo 468, ni kilo 47 hadi 70. Ingiza mizani ya kupimia watu chini ya ulimi, juu ya tofali, trela ikiwa sawa na imejaa, usome. Hakikisha pia gari lako linaruhusu uzito huo.

Trela ya mizigo mara nyingi ina ekseli karibu na katikati. Kijumba hiki kina jiko, gesi na maji nyuma. Kwa hivyo ekseli lazima irudishwe nyuma, takriban asilimia 60 ya urefu wa fremu kutoka mbele. Ndiyo sababu ununue fremu ambayo springi zake zinaweza kusogezwa kabla hujajenga. Ukishajenga, umechelewa. Betri na tangi la maji viweke mbele.

Ulimi uwe na urefu wa mita moja hivi kutoka kwenye kifundo hadi kwenye mwili, gari lipate kukata kona bila kugonga kijumba. Na kama utavuka Likoni, kumbuka kupwa kwa maji: ngazi ya feri huwa mkato, na fremu ya chini sana hukwaruza.

Karatasi

Trela nchini Kenya ni chombo kinachosajiliwa. Ina namba yake inayoanza na herufi Z, na ina logbuku. Ukinunua iliyotumika, jina kwenye logbuku liwe la anayekuuzia, au awepo mwenyewe, na namba iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya karatasi. Ukichongewa mpya, nenda NTSA uulize utaratibu wa ukaguzi kabla fundi hajawasha mashine. Na mwenye bima ya gari aulizwe kwa maandishi kama bima inafuata trela.

Ukaguzi wa kabla ya kulipa

Nenda mchana, na nyundo ndogo, jeki na kamba ya kupimia.

Gonga fremu kote. Panapolia butu pana kutu. Pima pembe mbili za mshazari. Zikizidiana zaidi ya sentimita moja, fremu imepinda. Tazama viungo vya ulimi, hapo ndipo nyufa huanzia. Inua gurudumu, lizungushe usikilize beringi, kisha litikise. Soma tarehe ya tairi ubavuni. Washa taa zote: breki, indiketa na za nyuma.

Tulikwenda Mtwapa na yule kijana Jumamosi. Rangi ilikuwa mpya kabisa, nzuri ya kupendeza. Nikampa nyundo yeye mwenyewe. Alipogonga chini ya ulimi, nyundo ikaingia. Muuzaji akaanza kupunguza bei pale pale, mara mbili. Kijana alinitazama, akaweka nyundo chini, akamwambia asante mzee. Sasa anachongewa fremu ya chuma cha pembe na fundi wa Kongowea, kwa mchoro wake mwenyewe, na pesa za mamake bado ziko chamani zikisubiri plaiwudi.