Skrini ya kung'aa au isiyong'aa: ipi inamfaa mnunuzi wa kompyuta?

Mnunuzi wa kompyuta ya mpakato huuliza kwanza bei, kisha kasi ya mashine na ukubwa wa hifadhi yake. Ni wachache wanaouliza uso wa skrini umetengenezwa vipi, ilhali ni uso huo watakaoutazama kwa saa nyingi kila siku hadi kompyuta itakapochakaa. Betri iliyochoka hubadilishwa na fundi. Skrini isiyofaa kwa kawaida hubaki pale pale, na mtumiaji ndiye anayelazimika kubadilika: hufunga mapazia mchana, huhamisha meza, au hupinda shingo akilikwepa dirisha linaloonekana katikati ya barua anayoiandika.

Skrini zinazouzwa ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kung'aa. Uso wake ni laini kama kioo cha dirisha, rangi zake zimekolea na weusi wake ni weusi hasa. Ya pili ni isiyong'aa. Uso wake una mikwaruzo midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo hutiwa kiwandani kwa kemikali au kwa kubandika utando maalumu juu ya skrini.

Wauzaji hulieleza jambo hili kana kwamba ni suala la ladha, kama kuchagua rangi ya gari. Ukweli ni kwamba ni suala la mwanga wa mahali ambapo kompyuta itatumika, na mwanga huo dukani haupo. Dukani taa ziko darini, skrini zimewashwa kwa nguvu zake zote, na kinachoonyeshwa ni samaki wa rangi na maua. Hakuna muuzaji anayemfungulia mteja waraka wa kurasa 40 na kumwachia ausome kwa saa tatu akiwa ameketi mbele ya dirisha. Katika mazingira hayo ya duka, skrini ya kung'aa hushinda karibu kila mara.

Hesabu ya mwanga unaorudi

Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaopiga uso wake wa mbele. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, na wakati mwingine ni kidogo kweli.

Mng'ao wa skrini hupimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba, kipimo ambacho katika biashara huitwa niti. Kompyuta nyingi za bei nafuu hutoa niti 250 hivi. Katika ofisi iliyowashwa taa kwa kiwango cha luksi 500, kiwango cha kawaida kwa kazi ya kusoma na kuandika, ukuta mweupe huwa na mng'ao wa niti zipatazo 130. Asilimia 4 ya niti hizo ni 5 tu. Mtu aliyeupa ukuta huo mgongo hataona kitu kwenye skrini yake isipokuwa kazi yake.

Lakini ukuta huo ukiwa na dirisha, mambo hugeuka. Anga jeupe lenye mawingu linaweza kuwa na mng'ao wa niti 5,000, na asilimia 4 yake ni 200. Yaani sura ya dirisha iliyolala juu ya skrini hung'aa karibu sawasawa na skrini yenyewe. Jicho hupata picha mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa umbali wa mkono na nyingine ikionekana kama iko mbali nyuma ya kioo, na halijui lielekee wapi.

Nje ya nyumba, hesabu huwa kali zaidi. Jua la adhuhuri hutoa luksi zipatazo 100,000. Mtu aliyeketi uani mjini Muscat akiwa amevaa kanzu nyeupe, jua likimpiga kifuani, amevaa kitambaa chenye mng'ao wa niti kama 25,000. Skrini ya kung'aa isiyo na kinga yoyote itamrudishia niti 1,000 za kanzu yake, mara nne ya nguvu ya kompyuta. Hataisoma barua, atajitazama mwenyewe.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huielewa vibaya skrini isiyong'aa. Hudhani kwamba huumeza mwanga. Haiumezi, huutawanya. Mwanga uleule ambao ungerudi ukiwa na umbo la dirisha, pamoja na fremu na mapazia yake, husambazwa ukawa kama ukungu mwembamba. Jicho halioni tena kitu cha kulivuta mbali na maandishi, na kwa msomaji wa nyaraka hiyo ni nafuu kubwa.

Nafuu hiyo ina gharama yake. Ukungu huo hufunika skrini nzima, kwa hiyo weusi huwa kijivu na rangi hupauka, hasa katika chumba ambacho mwanga unaingia kutoka pande zote. Aidha, mikwaruzo ile haichagui: huutawanya mwanga unaotoka nje, na huutawanya pia mwanga wa skrini yenyewe. Katika skrini za kisasa, ambazo nukta za picha zimesongamana mno, matokeo yake yanaweza kuonekana kama chembe za mchanga zinazometameta juu ya ukurasa mweupe. Wapo wasioziona kabisa, na wapo wasioweza kuacha kuziona wakishaonyeshwa.

Chini ya jua kali hakuna hata moja kati ya hizi mbili inayookoa. Kinachosaidia huko ni nguvu ya mng'ao wa kompyuta, au kivuli cha mwembe.

Kinga ya tatu isiyotajwa

Mjadala wa aina mbili huficha njia ya tatu, ambayo pengine ni bora kuliko zote: kuuzuia mwanga usirudi. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mtaalamu wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alibuni namna ya kupaka lenzi tabaka jembamba linalopunguza mwanga unaorudishwa. Mwaka 1938 Katharine Blodgett, mwanasayansi wa General Electric nchini Marekani, alitengeneza kioo kisichoakisi kwa kukipaka matabaka membamba mno, moja juu ya jingine.

Siri yake iko katika unene. Tabaka likiwa na unene wa robo ya urefu wa wimbi la mwanga, wimbi linalorudi kutoka juu ya tabaka na lile linalorudi kutoka chini yake hukutana yakiwa yamepishana, kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine, na yote mawili hufutana. Tabaka la namna hii huwekwa kwenye miwani na lenzi za kamera, na siku hizi huwekwa pia kwenye kompyuta nyingi za bei ya juu. Skrini hubaki laini, yenye rangi zilizokolea, lakini dirisha linaloonekana ndani yake huwa hafifu.

Kwenye boksi, maneno ya Kiingereza anti-glare kwa kawaida humaanisha uso uliokwaruzwa, na anti-reflective humaanisha tabaka hili la kufuta mwanga. Wauzaji hawauheshimu sana mpaka huo. Njia ya kuaminika zaidi ni kuizima kompyuta na kuielekeza skrini kwenye taa. Taa ikionekana na kingo zake zote, skrini ni ya kung'aa. Ikionekana kama doa lililotawanyika, haing'ai. Ikionekana wazi lakini ikiwa hafifu na yenye rangi ya zambarau au kijani, lipo tabaka la kinga. Jaribio hilo halichukui hata nusu dakika, na ni ajabu jinsi linavyofanywa na watu wachache.

Mtindo uliozunguka

Kompyuta nyingi za mpakato za miaka ya 1990 zilikuwa na skrini zisizong'aa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, watu walipoanza kutazama filamu za DVD kwenye mashine hizo, watengenezaji walileta skrini za kung'aa na kuzipa majina ya kuvutia: XBRITE ya Sony, TruBrite ya Toshiba, BrightView ya HP, CrystalBrite ya Acer. Kompyuta za ThinkPad, zilizokuwa za IBM kabla ya kununuliwa na Lenovo mwaka 2005, ziliendelea kwa sehemu kubwa na skrini zisizong'aa, kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa watu wa ofisini.

Kampuni ya Apple ni mfano mzuri wa jinsi mtindo ulivyokwenda na kurudi. MacBook yake ya Mei 2006 ilikuja na skrini ya kung'aa pekee, ingawa wanunuzi wa MacBook Pro waliweza kuchagua bila malipo ya ziada. Oktoba 2008 MacBook Pro ya inchi 15 ilifunikwa kwa kioo kutoka ukingo hadi ukingo, na hiari ikaondolewa. Wapiga picha na wahariri wa filamu walilalamika. Mwaka 2009 hiari ilirejeshwa, kwanza kwa kompyuta ya inchi 17, kisha ya inchi 15, lakini kwa nyongeza ya dola 50. Wateja walikuwa wanalipia kile walichokuwa wakipewa bure mwaka mmoja uliotangulia.

Mwaka 2012, ilipoleta skrini zake za Retina, Apple ilisema imepunguza mwakisiko kwa hadi asilimia 75. Skrini zilibaki za kung'aa. Ilipofika Oktoba 2024, MacBook Pro ilianza kuuzwa na hiari ya kioo kilichokwaruzwa kwa vipimo vidogo mno, na nyongeza ilikuwa imefika dola 150.

Macho, shingo na sheria

Watu wengi huuliza ni skrini ipi isiyoharibu macho. Wataalamu wa macho hawajapata ushahidi kwamba skrini yoyote kati ya hizi huliharibu jicho kwa kudumu. Uchovu wa macho hutokana zaidi na kukodoa kwa muda mrefu, kwani mtu anayetazama skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na jicho hukauka. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba kila baada ya dakika 20 mtu atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Mwakisiko huongeza taabu kwa njia nyingine. Mtu hujikunja bila kujua ili aliepuke doa la mwanga, na hukaa hivyo mpaka jioni. Macho hupumzika kwa usingizi. Shingo na mabega huamka navyo asubuhi.

Kwa sababu hiyo jambo hili limeingia katika sheria. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la Mei 29, 1990 kuhusu kazi za skrini linataka skrini ya mfanyakazi isiwe na mwanga wa kuakisiwa unaoweza kumsumbua. Uingereza iliweka kanuni zake mwaka 1992, zikaanza kutumika Januari 1, 1993, na zimebaki hata baada ya nchi hiyo kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwajiriwa anayetumia skrini kila siku, kwa saa nzima au zaidi bila kukatiza, anaweza kudai apimwe macho kwa gharama ya mwajiri, na haki hiyo inamhusu pia anayefanya kazi ya mwajiri wake akiwa nyumbani. Wahamiaji wengi wanaofanya kazi za kupokea simu au za kuingiza takwimu hawajawahi kuambiwa hivyo.

Kabla ya kulipa

Mwenye kazi ya kuandika, kutafsiri au kupanga hesabu katika chumba chenye madirisha hatajuta akinunua skrini isiyong'aa yenye niti 300 au zaidi. Mwenye kuhariri picha katika chumba anachokitawala mwanga wake, au anayetazama filamu usiku, atafurahia ile ya kung'aa. Anayetaka skrini ya kugusa au ya OLED mara nyingi hana hiari, maana nyingi huja na kioo. Huyo atafute yenye tabaka la kinga.

Mahali nako kuna neno lake. Mjini London, adhuhuri ya Desemba jua hupanda nyuzi zipatazo 15 tu kutoka upeo wa macho. Huingia dirishani likiwa limelala na kufika hadi mezani, jambo ambalo mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako jua la saa sita liko utosini, hakulizoea. Anayeinunua kompyuta mwezi Juni mjini humo aikumbuke Desemba. Na kabla ya kulaumu skrini, ageuze meza ili dirisha liwe ubavuni, si mbele wala mgongoni.

Zipo tando za kubandika zinazoifanya skrini ya kung'aa ising'ae. Ni rahisi kwa bei, lakini viputo vya hewa ni vigumu kuviondoa na maandishi hupoteza ukali wake. Zinafaa kama dawa ya muda.

Kuhusu usafi, skrini ya kung'aa huonyesha kila alama ya kidole lakini hufutika upesi. Isiyong'aa huficha alama, ila mafuta yakiingia katika mikwaruzo hukaidi. Zote hufutwa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kompyuta ikiwa imezimwa. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zisitumike kabisa, kwani zinaweza kulila tabaka la kinga, na tabaka hilo likishabanduka huacha madoa yasiyotoka.