Njia ya Mwano: Kutoka Kahama hadi Mtaani Kwetu

Kituo cha reli cha Isaka kiko kwenye tawi linalotoka Tabora kwenda Mwanza, lililokamilika mwaka 1928. Hapo makontena ya Rwanda na Burundi hushushwa na kupakiwa kwenye malori, na malori hushika barabara ya magharibi kuelekea Kahama. Nimeishika barabara hiyo nikifuata mzigo wa aina nyingine. Kila anayelipa mchango wa ulinzi shirikishi mtaani kwake, awe Mbagala, Nyamagana au Uyole, analipia wazo lililopita huku likiwa limebeba pinde na mishale.

Mji wa Kahama sasa ni mji wa mchele, dhahabu na bodaboda. Nyumba zake mpya zinafanana na za mji mwingine wowote nchini: ukuta wa matofali, vipande vya chupa juu yake, geti la chuma, nondo madirishani. Ukitoka nje ya mji, bado unakuta boma la zamani. Zizi la ng'ombe liko katikati, nyumba zimelizunguka, na nje kabisa kuna uzio wa minyaa, mmea ambao ukivunjwa hutoa utomvu mweupe unaochoma macho. Mwizi aliyetaka ng'ombe ilimbidi avuke minyaa, apite kati ya nyumba, kisha amtoe mnyama asiyejua kunyamaza.

Waliojenga hivyo walijua kuwa uzio humchelewesha mwizi tu. Aliyemzuia alikuwa jirani. Mwano ulipopigwa, yaani yowe kali la kuomba msaada, kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka na silaha yake na kukimbilia kule lilikotoka. Aliyebaki kitandani alikuwa na maswali ya kujibu asubuhi. Na maswali hayo yalikuwa na pa kuulizwa: kwa wazee, na juu yao kwa mtemi. Tusiipambe enzi hiyo. Watemi walikuwa na dhuluma zao, hasa baada ya Mwingereza kuwafanya wakusanya kodi wake. Ila ulinzi wa wakati ule ulikuwa na miguu miwili: anayelia aliitikiwa, na anayelinda alikuwa na wa kumuuliza. Tangu hapo historia ya ulinzi wa jirani nchini mwetu ni historia ya kuchechemea, mara kwa mguu huu, mara kwa ule.

Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya kisheria ya machifu. Muda mfupi baadaye TANU ikalijaza pengo kwa mtindo wake. Kila nyumba kumi zilipewa mjumbe, ambaye watu walizoea kumwita balozi. Alikusanya ada ya chama, alieleza siasa ya nchi, alipatanisha mke na mume, na alitakiwa kumjua mgeni aliyelala kwa jirani. Kwa usalama lilikuwa jicho zuri, maana mtu anayejua nani kalala wapi katika nyumba kumi anajua mengi kuliko kituo cha polisi kilicho mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Lakini balozi alikuwa jicho la chama. Taarifa zilipanda kwenda tawini kwa urahisi kuliko msaada ulivyoshuka.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa, na mkoa wa Shinyanga ulipata sehemu yake. Familia iliyokuwa imezungukwa na ndugu na marafiki wa miaka mingi ilijikuta kwenye mstari wa nyumba, kulia hamjui, kushoto hamjui. Mtu hatoki usiku wa manane kwa ajili ya yowe la asiyemjua kwa wepesi anaomtokea shemeji yake.

Msiba mkubwa ulifuata. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, serikali iliendesha operesheni ya kuwasaka watuhumiwa wa mauaji na uchawi. Watu waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine walifia mahabusu. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, akibeba dhamana ya makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Jina lake lilikuwa Ali Hassan Mwinyi, na tutakutana naye tena mbele ya njia hii. Kwa mkulima wa Kahama tukio hilo lilikuwa na somo lake: askari wa serikali anaweza kumwogopesha mwananchi kuliko mwizi.

Miaka miwili baada ya Mwinyi kujiuzulu, Tanzania ilikuwa ikimaliza vita vya Kagera. Ushindi ulikuja na hasara zake. Hazina ilikauka, sabuni na sukari zikawa za foleni, na bunduki zilizotoka vitani zikaanza kuonekana mikononi mwa majambazi. Wizi wa ng'ombe wa kuviziana gizani uligeuka uporaji wa mchana. Mwenye mifugo alikwenda kituoni akaambiwa gari halina mafuta. Au mtuhumiwa alikamatwa, kisha baada ya siku chache akaonekana sokoni akitembea kifua mbele.

Hapo ndipo sungusungu wakatokea. Mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya Wanyamwezi na Wasukuma wa upande huu wa Kahama, wanaume walianza kukusanyika na kula kiapo cha kulindana. Mfumo ulisambaa kijiji kwa kijiji kwa kasi ambayo hakuna operesheni ya serikali iliyowahi kuifikia. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia wa Cambridge aliyeifahamu Unyamwezi tangu miaka ya 1950, aliandika juu yao mwaka 1987, na baadaye Mtanzania Sufian Bukurura, mwanasheria, akawachunguza kwa undani zaidi.

Chombo chenyewe kilijengwa na vitu ambavyo tayari vilikuwepo. Kiongozi aliitwa ntemi, yaani mtemi, cheo ambacho sheria ilikwishakizika. Chini yake walikuwepo katibu na makamanda, vyeo vilivyookotwa kutoka chamani na jeshini. Kila nyumba ilitoa mtu. Silaha zilikuwa upinde na mishale, na filimbi ilifanya kazi ya simu: ikilia kijiji kimoja, kijiji cha pili kiliipokea na kuipeleka mbele, hata mwenye ng'ombe wa wizi akute njia imekwishafungwa anakoelekea. Waliofuata nyayo za mifugo hawakuomba mafuta ya gari. Aliyepatikana na hatia alitozwa faini, mara nyingi ya mifugo.

Adhabu iliyoogopwa zaidi haikuhitaji gereza wala kiboko. Ilikuwa ni kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, haombwi wala hapewi moto, hasaidiwi shambani, na akifiwa atachimba kaburi peke yake. Katika nchi ambayo mtu huishi kwa kuazimana jembe na kusaidiana msibani, hukumu hiyo ilimrudisha mkaidi magotini kabla msimu haujaisha.

Wizi ulipungua, na sifa zikavuma. Mguu wa kwanza, ule wa kuitikiwa, ulikuwa umepona. Wa pili ulikuwa umekatika kabisa.

Sungusungu hawakuwa na wa kuwauliza. Ntemi wao hakuwa amechaguliwa kwa sheria yoyote na vikao vyao vilikuwa vya siri. Mtuhumiwa alipigwa hadi akakiri, na ungamo la namna hiyo ndilo lililokuwa ushahidi. Halafu maadui wa kijiji wakaongezeka. Mbali na mwizi wa ng'ombe, mchawi naye alitafutwa, na katika Usukuma mzigo huo uliwaangukia zaidi wanawake wazee. Bibi aliyepika kwa moshi miaka hamsini akawa na macho mekundu aliweza kuhesabiwa mchawi kwa macho hayo hayo. Mauaji ya vikongwe hayakuanzishwa na sungusungu, na yameendelea hata walipofifia. Ila bibi aliyeshukiwa alipopiga mwano, walioitika wangeweza kuwa ndio wanaomtafuta.

Dar es Salaam iligawanyika. Polisi na mahakimu waliona genge linalojitwalia kazi yao, na baadhi ya sungusungu walishtakiwa kwa kuua na kujeruhi. Viongozi wa CCM, chama kilichoirithi TANU, Mwalimu Nyerere akiwa mwenyekiti, waliona wananchi wanaojilinda, jambo ambalo chama kilikuwa kikilihubiri tangu Mwongozo wa TANU wa 1971 na kuundwa kwa mgambo. Chama kiliwaunga mkono, na wanasheria wakaachwa na kitendawili.

Kitendawili kilizidi ugumu mwaka 1984, Haki za Binadamu zilipoingizwa kwenye Katiba, zikiwa na sharti kwamba zingeanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka uliofuata, 1989, Bunge lilipitisha sheria namba 9 iliyorekebisha sheria za mgambo na kuwatambua sungusungu, ikiwapa mamlaka ya kukamata. Basi katika muda usiofika miaka miwili mwananchi alipata haki ya kwenda mahakamani kuyadai maisha na uhuru wake, na jirani yake mwenye upinde akapata baraka ya dola. Rais wa wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, mtu ambaye kuliko wengi alijua gharama ya kumpa mlinzi nguvu bila kumwekea msimamizi.

Kutoka Kahama njia inagawanyika. Tawi moja lilikwenda kaskazini hadi Tarime, kwa Wakurya, ambao tayari walikuwa na iritongo, mkutano wa jamii wenye mamlaka ya kuamua mambo ya pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sungusungu walivuka mpaka na kuingia Kuria ya upande wa Kenya. Kwa kuwa ng'ombe wa wizi hawaulizwi pasipoti, walinzi nao walilazimika kuelewana pande zote mbili.

Tawi la pili lilishuka hadi pwani. Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 1990, alilipigia debe sana, na sungusungu wakaonekana kwenye mitaa ya Dar es Salaam, mbali kabisa na zizi lolote. Mji uliwabadilisha. Upinde ukawa rungu na tochi. Kiapo kikawa orodha ya zamu iliyobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa kuwa mpangaji anahama baada ya miezi sita, dereva wa daladala anaingia usiku na mwenye duka hataki kukesha, ukaja mlango wa kutokea: toa pesa, mwingine akulalie macho. Hapo mguu wa kuitikiwa ukaanza kulegea.

Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi, na balozi wa nyumba kumi akabaki na CCM, kiongozi wa shina la chama. Mwenyekiti wa mtaa ndiye akawa uso wa serikali karibu na nyumba. Mantiki ilikuwa wazi, maana mtu wa chama kimoja angewezaje kuwa mlinzi wa majirani wa vyama vitano? Ila lile jicho lililojua nani kalala wapi halikupata mrithi wa kweli.

Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwaka 2006 alileta Polisi Jamii, na ndani yake ulinzi shirikishi. Nia ilikuwa kurudisha mguu wa pili: vikundi vya mtaa viandikishwe, vifahamike kituoni, na aliyekamatwa akabidhiwe polisi bila kuadhibiwa njiani. Kenya nayo, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ilichukua jina la Nyumba Kumi kutoka kwetu, na Joseph Kaguthi akapewa kuongoza mpango huo. Wakenya wengi walijiuliza swali ambalo balozi wa Tanzania alilijua tangu zamani: huyu anayenihesabia wageni ananilinda, au ananipeleleza?

Njia hii inatufikisha mitaani kwetu, na huku hali inajulikana. Mkusanyaji wa mchango hufika mwisho wa mwezi, wengine wakitoa risiti na wengine bila. Vijana wa doria huonekana zaidi wanapomdai asiyelipa kuliko wanapomfukuza kibaka. Kila nyumba imejiongezea ukuta, na ukuta mrefu una ubaya wake: mwizi akishauruka, jirani hamwoni tena. Sauti ya kuomba msaada ikivuka ukuta huo, mara nyingi husubiri hadi asubuhi. Ikiwa ni neno "mwizi" limetamkwa barabarani mchana, huitikiwa upesi mno, na magazeti ya kesho yataandika tena juu ya "wananchi wenye hasira kali". Kuanzia Kahama hadi hapa tumefanikiwa kuurithi ubaya wa pande mbili: nyumba inayolia haiitikiwi, na umati unaoitikia haumjibu yeyote.

Dawa haihitaji sheria mpya wala kamera, maana Kahama ya 1982 haikuwa nazo. Mchango hununua tochi, makoti ya mvua na chai ya walinzi, na hivyo vyote ni halali. Lakini mtaa ambao hakuna mwenyeji anayeshika zamu hata usiku mmoja kwa mwezi umekodi vijana tu. Asiyeshika zamu hajui mlango wa nani ulikuwa wazi saa nane za usiku, na vijana wa doria hawamjui yeye. Zamu ya mwenyeji ndiyo inayorudisha mwitikio, na daftari la matukio linalosomwa mkutanoni, mbele ya polisi kata na mbele ya aliyekamatwa kwa makosa, ndilo linalorudisha uwajibikaji.

Kwa hiyo mkutano ujao wa mtaa, mwenyekiti akisoma mapato na matumizi ya ulinzi, swali la kwanza lisiwe kiasi kilichokusanywa. Muulize ni nyumba ngapi zilitoa mtu wa zamu mwezi huu, na aliyepigwa na walinzi kimakosa alipeleka malalamiko yake kwa nani. Akiwa na majibu ya yote mawili, lipa mchango wako bila kunung'unika. Akiwa na jibu la moja tu, kataeni kufunga kikao mpaka la pili lipatikane.