Dhahabu Inayolika Pembeni: Siri ya Saa za Mfukoni

Mtu wa Bariadi hafundishwi dhahabu. Wachimbaji wadogo wa wilaya hii wanaijua bei ya gramu kama mkulima anavyoijua bei ya kilo ya pamba, na wanaujua uchungu wake pia: Januari 2024 kifusi kilifukia watu katika mgodi wa Ng'alita, 22 wakafa. Lakini ipo dhahabu inayowababaisha hata wazoefu hao, nayo ni ile ya saa za mfukoni za zamani. Mgongoni inameremeta, ukingoni imefifia, na penye pete ya mnyororo imebaki shaba tupu. Hukumu hutoka haraka: feki.

Si feki. Wala si ya kuchovya, kama wengi wanavyodhani.

Zamani kasha zuri la saa kwa kawaida lilikuwa dhahabu yote au fedha yote, na si kila mtu aliyelimudu. Mwaka 1859 fundi wa Philadelphia, Marekani, James Boss, alipewa hataza ya njia ya kutengeneza kasha la bei nafuu. Bamba nene la shaba ya njano lilibanwa katikati ya mabamba mawili ya dhahabu, yakaunganishwa kwa moto, kisha yakapitishwa kwenye roli hadi yakawa bati jembamba. Ni kama chapati ya tabaka: ukiisukuma, tabaka zote hupungua pamoja, lakini hazichanganyiki. Bati hilo ndilo lililokatwa na kukandamizwa kwenye kalibu likawa kasha. Viwanda vikaitumia njia hiyo: Keystone ya Philadelphia, Dueber ya Ohio, na Dennison ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa na Mmarekani aliyehamia huko, Aaron Dennison.

Wenye viwanda walijua fika kwamba dhahabu hiyo itakwisha. Ndiyo maana walipiga chapa ndani ya kifuniko: miaka 10, 20, 25. Hiyo ilikuwa dhamana ya tabaka la dhahabu, si ya mashine. Ushindani ukaleta ahadi zisizopimika, hata Marekani ikapiga marufuku chapa za miaka mwaka 1924.

Kwa nini basi isilike sawasawa? Kwanza, haikuwa sawa tangu kiwandani. Bati likikandamizwa, penye kona huvutika na kuwa jembamba zaidi. Mchoraji naye akipitisha patasi kuchora maua, anachimba dhahabu ileile. Ajabu ni kwamba mifereji aliyochimba mara nyingi huishi muda mrefu, kwa sababu kitambaa hakiifikii. Kinachotangulia kukwanguka ni vilima vilivyobaki kati ya mifereji.

Pili ni mkono na mfuko. Saa haikai mfukoni kama picha ukutani. Mgongo wake uliobenuka husuguana na nguo kila hatua, kwa hiyo katikati ya mbenuko nako huchakaa. Ukingo unagonga sarafu na funguo. Pete ya juu inasagwa na mnyororo mchana kutwa, na kidole gumba hurudi palepale kila siku mwenyewe anapoitia ufunguo. Zile zenye kifuniko cha mbele zina kidonda chao. Ustaarabu ni kubonyeza kitufe, kushusha kifuniko taratibu, kisha kuachia. Wengi walikibamiza tu ili kilie, na mdomo wa kifuniko ukalika kwenye komeo. Mimi naona hapo ndipo unapoweza kusoma tabia ya marehemu mwenye saa kuliko kwenye picha yake.

Tatu ni jasho. Dhahabu haipati kutu, lakini shaba ikishachungulia, chumvi ya jasho huishambulia na kuacha ukijani. Shimo dogo linapanuka chini kwa chini, na dhahabu ya pembeni inakosa pa kushika. Kusugua kwa dawa ya kung'arisha kunamalizia kazi.

Linganisha na sarafu ya Tabora. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, walifua sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, Singida. Sarafu ile ni ya sehemu 750 kwa 1,000, yaani karati 18, kuanzia usoni hadi moyoni. Iparuze utakavyo, utakuta rangi ileile. Kasha la saa ukiliparuza unafika shaba.

Bidhaa za Ulaya zilifika kanda hii kupitia reli ya Uganda iliyofika Kisumu 1901, kisha meli hadi Mwanza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Kwa hiyo usishangae ukikuta saa ya namna hii kwenye sanduku la mzee huko Maswa, Meatu au Itilima.

Kabla ya kuipeleka kwa sonara, piga hesabu. Chapa ya 1/20 ya karati 14 maana yake dhahabu hiyo ni sehemu moja kati ya 20 ya uzito wa kasha. Kasha la gramu 40 lina gramu mbili za karati 14, sawa na dhahabu safi gramu moja na kidogo, na hiyo ilikuwa siku lilipotoka kiwandani. Ukiliyeyusha huenda ukapata gramu isiyotimia, na umepoteza saa. Usiisugue, ifute kwa kitambaa laini kikavu, andika jina la aliyeimiliki na ilikotoka. Na ukishindwa kuitunza nyumbani, waulize Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kabla hujamuuliza mnunuzi wa dhahabu.